Shajara ya mradi wa kaseti, Wete, Pemba: sekta mbovu na patisheni iliyoanzia sekta ya 63

Jumamosi, 6 Julai

Leo alasiri diski yetu ya kazi imekataa kusoma faili. Tulikuwa tunanakili mazungumzo ya mvuvi mmoja wa Kojani, faili tuliyoirekodi kutoka kwenye kaseti mwezi Machi na ambayo tangu siku hiyo hakuna aliyeigusa, na kazi ikenda vizuri hadi karibu na mwisho wa faili, kisha mshale ukasimama. Diski ikatoa mlio wa kugonga mara tatu nne, kimya, halafu tena. Baada ya kama nusu dakika programu ikasema kosa la kusoma, na kwenye kumbukumbu za keneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, kukaandikwa kuwa sekta (kipande kidogo cha diski chenye nambari yake) 1214672360 ya sdb, jina la diski yetu, haisomeki.

Kwa faida ya atakayesoma shajara hii bila ya kujua tulikotoka: kaseti ni 231, zote za Maalim wetu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akienda na redio yake ya kurekodia Kojani, Micheweni, Mkoani na visiwa vidogo kuwasikiliza wazee. Tunazirekodi kwenye kompyuta kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24, njia mbili za sauti, ambayo ni baiti 288,000 kwa kila sekunde na zaidi kidogo ya gigabaiti moja kwa saa. Diski ina terabaiti moja na sasa imebeba gigabaiti 310. Nakala ya pili ipo kwa sehemu tu, na hilo ni kosa letu.

Kijana anayenisaidia alitaka tuendeshe fsck pale pale. Nimemzuia. Fsck ni programu ya kutengeneza mfumo wa mafaili, na kutengeneza ni kuandika. Diski isiyosomeka vizuri haiandikwi kitu mpaka kwanza kila kinachoweza kutolewa kimeshatolewa. Nimeishusha diski, nimechomoa umeme wake, na imelala mezani.

Jumapili, 7 Julai

Kutwa nzima imekwenda katika uchunguzi, na yaliyopatikana ni makubwa kuliko nilivyotarajia.

Nilianza na smartctl, programu inayosoma SMART, yaani hesabu ambazo diski hujiwekea kuhusu afya yake, kila moja ikiitwa sifa. Niliitumia kupitia kasha la USB, kwa kuongeza -d sat ili maswali yavuke hadi kwenye diski yenyewe. Sifa tatu ndizo ninazozitazama mwanzo. Sifa ya 5, inayohesabu sekta mbovu ambazo diski imekwishazihamishia kwenye sekta zake za akiba, ilikuwa 0. Sifa ya 197, inayohesabu sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua la kuzifanya, ilikuwa 48. Sifa ya 199, ya makosa ya njiani baina ya diski na kompyuta, ilikuwa 3. Hapa Pemba hewa ya chumvi hula viunganishi, kwa hiyo mtu asikimbilie kuilaumu diski kabla ya kuutazama waya. Nikaitoa diski kwenye kasha, nikaifunga moja kwa moja kwenye kompyuta ya mezani kwa waya mpya wa SATA, nikasoma tena eneo lile lile: kosa lile lile, na 199 ikabaki 3. Waya hauna hatia. Tatizo limo ndani ya diski.

Ile 48 iliniweka nikifikiri, kwa sababu inagawanyika kwa 8 bila ya baki. Nikaiuliza keneli, kwa lsblk, ukubwa wa sekta za diski hii. Ilipokuwa kwenye kasha la USB jibu lilikuwa 512 kwa yote mawili, sekta za kuhesabia na sekta za kweli. Sasa kwenye SATA jibu likawa 512 kwa za kuhesabia na 4,096 kwa za kweli. Lile kasha lilikuwa likituficha umbo la diski yetu muda wote huu. Sekta 48, kumbe, ni sehemu sita tu za kweli, kila moja ya baiti 4,096.

Kisha nikatazama kwa fdisk jedwali la patisheni, yaani sehemu za diski zilizotengwa kuwekea mafaili. Patisheni yetu ya pekee inaanzia sekta ya 63.

Inafaa nieleze kwa kirefu, kwa maana hapa ndipo kazi yote ilipo. Kwa miongo mingi sekta ya diski ilikuwa baiti 512. Watengenezaji walikubaliana, kupitia jumuiya yao ya IDEMA, kwamba kuanzia Januari 2011 diski mpya za kompyuta za kawaida ziwe na sekta za baiti 4,096. Lakini ili programu za zamani zisikwame, diski nyingi huendelea kujitangaza kuwa zina sekta za 512, na kila sekta nane za kuhesabia hukaa ndani ya sekta moja ya kweli. Nambari 63 nayo ni urithi wa enzi za DOS, ambapo diski ilihesabiwa kwa njia zenye sekta 63 kila moja, na patisheni ya kwanza ikaanzia mwanzo wa njia ya pili. Sitini na tatu haigawanyiki kwa nane, kwa hiyo kila bloku ya baiti 4,096, kipimo ambacho mfumo wa mafaili huandikia, hukaa juu ya sekta mbili za kweli. Ndiyo maana programu za siku hizi huanzia sekta ya 2048, yaani mebibaiti moja kamili tangu mwanzo wa diski: Windows tangu Vista ya 2007, na fdisk ya Linux tangu 2010.

Anayejua karafuu atanifahamu upesi. Chukulia ghala lisilopokea wala kutoa chini ya pishi moja kamili. Ukipeleka pishi yako ikalingana na pishi ya ghala, inamiminwa na kazi imekwisha. Ukiipeleka ikiwa imekaa juu ya mbili, saba ya nane huku na moja ya nane kule, mwenye ghala hana budi azitoe pishi zote mbili, achanganye, azirudishe zote mbili. Diski hufanya hivyo hivyo: husoma sekta nzima ya kweli, hubadilisha kipande, hungoja sahani izunguke mara nyingine, kisha huandika. Diski yetu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na mzunguko mmoja ni milisekunde 11. Kwa miaka mitatu tumekuwa tukiulipa mzunguko huo bila ya kujua, tukidhani kompyuta imechoka.

Nambari 63 imeingiaje katika diski ya juzi? Nimeiingiza mimi. Miaka mitatu nyuma nilihamisha diski ya zamani ya gigabaiti 160 kwa kuinakili yote kama ilivyo, sekta kwa sekta, kisha nikairefusha patisheni hadi mwisho wa diski mpya. Mafaili yalifika salama na mwanzo wa patisheni ukaja nayo.

Jumatatu, 8 Julai

Hatuna diski ya akiba. Nimeagiza ya terabaiti mbili kutoka duka moja la Darajani, Unguja. Itapakiwa kwenye boti. Kusi linavuma na bahari imechafuka, kwa hivyo tunangoja. Diski mgonjwa haijawashwa.

Alhamisi, 11 Julai

Diski mpya ilishuka Mkoani jana jioni na leo alfajiri imefika Wete kwa gari ya abiria, imefungwa ndani ya kanga mbili. Kabla ya jambo jingine nimeiendeshea jaribio refu la SMART, kwa sababu diski mpya nayo inaweza kuwa mbovu, kisha nikatengeneza patisheni moja inayoanzia sekta ya 2048 na kuhakikisha kuwa mwanzo huo unagawanyika kwa 8.

Kunakili nimetumia GNU ddrescue. Nilishauriwa na mtu nitumie dd tu, programu ya kawaida ya kunakili diski, na nataka niandike kwa nini nilikataa. Dd ya kawaida hukoma kwenye kosa la kwanza. Ukiiambia isijali makosa bila ya kuiambia ijaze pengo, hukiruka kilichoshindikana na kuendelea kuandika, na kila kinachofuata kwenye nakala kikasogea nyuma kutoka mahali pake; mfumo wa mafaili wote baada ya hapo umeharibika. Ddrescue huacha pengo mahali pake, na juu ya hayo huweka ramani ya kilichosomeka na kisichosomeka, ili ukikatikiwa na umeme saa ya tatu uendelee palepale, na ili ianze kwa kukusanya yaliyo mepesi kabla ya kuihangaisha diski kwenye yaliyo magumu. Kwa diski inayokufa, mpangilio huo ndio unaotenganisha kupata na kukosa.

Nimeiambia kuwa sekta ni baiti 4,096, isome moja kwa moja bila ya kupitia kumbukumbu ya muda ya keneli, na duru ya kwanza isichokoe sehemu mbovu. Diski zote mbili na kompyuta zimefungwa kwenye UPS, betri inayoshika umeme ukikatika. Umeme wetu Pemba unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, na tangu hapo maisha yamebadilika kabisa, lakini waya wowote hukatika na kazi hii si ya kubahatishwa.

Duru ya kwanza ilichukua saa tatu na dakika chache. Sehemu sita zilibaki. Nikaiacha irudie mara tatu: nne zikasomeka, moja wapo katika jaribio la mwisho kabisa. Zimebaki mbili, jumla baiti 8,192 kati ya terabaiti moja. Sifa ya 197 imeshuka yenyewe hadi 16, kwani sekta ikisomeka baada ya kukataa, diski yetu huiondoa kwenye hesabu ya zinazongoja.

Ijumaa, 12 Julai

Leo kazi ni kujua baiti 8,192 hizo ni za nani. Kuanzia sasa nafanya kazi juu ya nakala peke yake, nimeifunga kwa losetup, inayoifanya nakala ionekane kama diski, katika hali ya kusoma tu.

Hesabu ni hii. Sekta iliyoshindikana ni 1214672360, na sekta yake ya kweli inashika nane, kuanzia hiyo hadi 1214672367. Ukitoa 63 na kugawa kwa 8 unapata bloku ya mfumo wa mafaili nambari 151834037, lakini kuna baki. Bloku hiyo inaanzia 1214672359 na kuishia 1214672366. Sekta ya mwisho ya kundi letu, ile ya 367, imo katika bloku inayofuata, 151834038. Kwa hiyo sekta moja ya kweli iliyokufa imegusa bloku mbili: saba ya nane iko katika ya kwanza na moja ya nane katika ya pili.

Nikazipa debugfs, programu ya kuchungulia ndani ya mfumo wa mafaili, bloku zote mbili ili initajie wenyewe, kwanza kwa icheck inayotoa nambari ya inodi (kitambulisho cha faili), kisha kwa ncheck inayotoa jina la faili. Ya kwanza ni bloku ya mwisho kabisa ya faili la mvuvi wa Kojani. Ya pili ni bloku ya mwanzo kabisa ya faili jingine, la bibi mmoja wa Micheweni anayeimba nyimbo za unyago na kuzieleza moja moja. Nimejaribu kulifungua faili hilo kwenye nakala. Halifunguki. Programu inasema si faili la sauti.

Hapa niliinuka mezani. Kaseti ya bibi huyo utepe wake ulikatika katika mashine siku chache baada ya kurekodiwa, na sehemu iliyotafunwa haina tena sauti. Bibi mwenyewe amefariki zamani. Faili hili ndilo pekee.

Kisha nikalichukua daftari la kazi. Faili la bibi lilimalizwa jioni ya 21 Juni, na pembeni kijana ameandika: umeme ulikatika, diski ikazimika, tukaiwasha tena, sawa. Kompyuta ina betri, lakini kasha la diski lilikuwa likila umeme wa ukutani.

Ninavyolisoma tukio ni hivi. Programu ya kurekodia huandika kichwa cha faili mwanzoni, huandika sauti muda wote, na ikimaliza hurudi mwanzoni kukiandika upya kichwa ili kitaje urefu kamili. Umeme ulikatika katika marejeo hayo. Kwa kuwa bloku haikulingana na sekta, kukiandika kichwa cha bibi kulimaanisha kuichukua sekta ya kweli yenye mkia wa faili la mvuvi ndani yake na kuiandika yote upya, na diski ilizimika ikiwa katikati ya kuandika, ikaacha sekta ambayo alama zake za kusahihishia makosa hazikubaliani na kilichomo. Ndivyo faili lililokaa miezi mitatu bila ya kuguswa na mtu lilivyojeruhiwa. Patisheni ingeanzia 2048, jirani asingeguswa.

Sekta ya pili iliyopotea imo katika nafasi tupu. Debugfs imesema haina mwenyewe. Alhamdulillahi.

Jumamosi, 13 Julai

Nimemwambia Maalim kila kitu asubuhi, alipotoka msikitini. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja tu: "Sauti ya bibi imo, au haimo?" Nikamjibu kuwa sauti imo, kilichopotea ni mlango wa kuingilia. "Basi utafute mlango, mwanangu."

Kilichopotea katika faili la bibi ni baiti 512 za mwanzo. Katika hizo, 44 ni kichwa: neno RIFF, ukubwa, idadi ya njia za sauti, kasi ya sampuli, biti ngapi, na urefu wa sauti. Baiti 468 zilizobaki ni sauti, na kwa kuwa kila sampuli ya njia mbili katika biti 24 ni baiti 6, ni sampuli 78 kamili, yaani milisekunde moja na nusu hivi ya mkwaruzo wa utepe kabla mtu hajasema neno.

Nilichukua kichwa cha faili jingine lililorekodiwa siku hiyo hiyo kwa vipimo vile vile, nikakiandika juu ya baiti 44 za mwanzo za nakala ya faili la bibi, na nikabadilisha nambari mbili tu: ile inayofuata neno RIFF, ambayo ni ukubwa wa faili lote ukitoa 8, na ile ya mwisho wa kichwa, ambayo ni ukubwa wa faili lote ukitoa 44. Nambari hizi huandikwa kwa kuanza na baiti ndogo, na nilizisoma kwa sauti mara mbili huku kijana akizifuata kwa kidole kwenye kioo, kwa kuwa baiti moja ikikosewa programu ingekataa, au mbaya zaidi, ingekubali na kuikata sauti kabla ya mwisho.

Faili limefunguka. Mkwaruzo, mlio wa kitufe cha redio, jogoo mbali, na bibi akakohoa kidogo akamwambia mtu, "Kaa hapo usinikatize." Maalim alikaa kitako pale pale juu ya mkeka hadi upande wote ulipokwisha, dakika 44.

Faili la mvuvi limepoteza baiti 3,584, kama milisekunde 12, mwishoni mwa utepe ambapo kulikuwa kimya tayari. Kaseti yake ipo nzima na tutairekodi upya.

Mengine yote nimeyahamisha kwa rsync kutoka kwenye nakala hadi kwenye patisheni mpya. Mafaili 140 tulikuwa tumeyawekea tangu mwanzo alama za sha256, za kuhakiki kwamba faili halijabadilika. 139 zimelingana, na lisilolingana ni la mvuvi, kama ilivyotarajiwa. Yaliyobaki hayakuwa na alama, kwa hiyo siwezi kuthibitisha zaidi ya kuwa ddrescue ilisoma kila sekta yake. Tangu leo faili halihesabiwi kuwa limerekodiwa mpaka limechezwa mwanzo na mwisho na alama yake imeandikwa daftarini.

Jumanne, 16 Julai

Sasa kwa kuwa hakuna cha kupoteza, nimeijaribu diski ya zamani, nikitaka kujua kama ni mbovu kweli au ilijeruhiwa tu na umeme. Nilizima kwanza kumbukumbu yake ya muda ya kuandikia kwa hdparm ili jibu litoke kwenye sahani.

Nimeandika sufuri kwa dd, baiti 4,096 kwa mkupuo mmoja, mara mbili katika mahali pale pale kwa njia mbili tofauti. Mara ya kwanza nimepitia sdb1, yaani patisheni, kwenye bloku 151834037, kama mfumo wa mafaili ungefanya: sekunde kadhaa za kugonga, kisha kosa. Diski ilihitaji kusoma sekta ya kweli kabla ya kuibadilisha kipande, na kuisoma ndiko isikokuweza. Mara ya pili nimepitia sdb yenyewe, yaani diski nzima, kwenye nambari 151834045, ambayo ni 1214672360 ikigawanywa kwa 8: ikaandika papo hapo. Sifa ya 197 ikashuka hadi 8, na sifa ya 5 ikabaki 0. Sekta hiyo haikuwa na ubovu wa kudumu. Ingeweza kujiponya siku yoyote ambayo mtu angeandika juu yake kwa ukamilifu, lakini kwa patisheni iliyopinda hakuna bloku moja iliyoweza kuiandika kwa ukamilifu.

Ile ya nafasi tupu nayo imeandikika, ila 197 ikawa 0 na 5 ikapanda hadi 8. Hiyo diski imeihamishia kwenye sekta zake za akiba. Hiyo ilikuwa mbovu hasa.

Kijana akauliza kama sasa tunaweza kuirudisha kazini, maadamu tutaitengenezea patisheni mpya. Nimemjibu tungoje jaribio refu.

Jumamosi, 20 Julai

Jaribio refu limesimama kwenye asilimia 60 kwa kosa la kusoma, mahali pengine kabisa, na 197 imerudi 8. Diski ya zamani imeondoshwa. Nimeiandikia kwa wino mzito juu ya chuma chake kuwa isibebe kumbukumbu, nikaiweka katika sanduku la vipuri.

Kaseti ya mvuvi imerekodiwa upya, imechezwa mwanzo na mwisho, alama imeandikwa. Kasha la USB lenye adapta ya ukutani sasa linakula umeme wake kwenye UPS. Diski ya tatu, patisheni yake ikianzia 2048, imebeba nakala kamili ya mafaili yote likiwemo la bibi, na imepanda boti Mkoani leo asubuhi kwenda kukaa Unguja kwa mtoto wa Maalim.